Tumbo la Jitu la Kinamasi

Plastiki ikitobolewa hutoa vumbi kavu. Liau Kian-hong alilijua hilo kwa miaka kumi na minne ya kukatakata sanamu za kuchezea na kuzigeuza majitu ya gemu. Ndiyo maana alisita kidogo keekee ilipotoka tumboni mwa askari wa plastiki ncha yake ikiwa na unyevu. Akainusa. Maziwa yaliyochacha. Akaifuta kwenye suruali, akaendelea.

Ilikuwa tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba kwa kalenda ya wazee, mchana, na mvua ya kimbunga ilikuwa ikiupiga mji wa Lukang kwa siku ya pili. Chumba chake cha kazi kule juu kilivuja, kwa hiyo meza alikuwa ameihamishia chumba cha kulala, ubavuni mwa kitanda cha mkewe Sok-hui, mjamzito wa miezi saba. Mama yake, Bi Khim, alisimama mlangoni na kitabu cha kalenda mkononi, hataki kuvuka kizingiti.

"Mwanangu, imeandikwa hapa. Leo pepo wa mimba, roho ya mtoto, yuko mezani na kitandani. Nyumba ikiwa na mjamzito hatukati, hatutoboi, hatupigilii msumari."

"Juzi ulisema yuko jikoni, Mama. Anahamahama kama paka mwenye watoto."

"Na paka mwenye watoto ukimkanyaga, anafanyaje?"

Sok-hui alicheka kitandani. "Mwache amalize, Mama. Maonyesho ya Taipei ni Jumamosi. Jitu lake lisipopata mdomo, nitakayenuniwa ni mimi."

Lilikuwa Jitu la Kinamasi, ambalo kwenye gemu lina mdomo tumboni na huwameza walinzi wa daraja. Kian-hong alilichimba tumbo la yule askari likawa pango. Akapanga meno ya udongo wa gundi, ule ambao ukikauka huwa mgumu kama jiwe, kisha akayapaka rangi ya ini. Saa kumi alasiri kazi ilikwisha. Sok-hui alikuwa ameacha kucheka muda mrefu.

"Hajacheza tangu mchana," alisema, mkono tumboni.

"Amelala."

"Kila siku ukiwasha keekee anaruka. Leo umewasha, akanyamaza."

Daktari wa zahanati alisikiliza mara tatu. Moyo unapiga, alisema, lakini kwa mbali. Wampumzishe, wamrudishe asubuhi.

Waliporudi umeme ulikuwa umekatika, na katika mwanga hafifu wa dirishani Kian-hong alisikia kitu kikigonga mezani, mara mbili kisha kimya, mara mbili kisha kimya, akadhani ni maji ya darini, akainua uso na kuiona dari kavu, akaisogelea meza huku harufu ya maziwa yaliyochacha ikimjaa kooni, akalichukua lile jitu kiganjani, nalo lilikuwa na joto la mtu mwenye homa, na ndani ya tumbo alilolichimba kwa mkono wake mwenyewe kitu kikapiga teke, dogo, la kisigino, lilelile alilozoea kulihisi kila asubuhi kupitia ngozi ya mkewe.

Akashika kisu alipasue. Ncha ilipogusa tu plastiki, Sok-hui alijikunja kitandani akauma shuka.

"Weka chini," Bi Khim alinong'ona. Safari hii alikuwa amevuka kizingiti. "Usimguse tena na chuma."

Asubuhi alikuja Mzee Teng, mganga wa kilemba chekundu, juu ya pikipiki, na koti lake la mvua likichuruzika. Alililaza jitu juu ya tumbo la Sok-hui, akapuliza pembe ya nyati, akachoma karatasi ya maandishi na kumnywesha majivu yake. Alirudia hayo mpaka adhuhuri. Mwishowe tumbo likatikisika, Sok-hui akalia kwa furaha, na Bi Khim akapiga magoti.

Mzee Teng hakufurahi. Alimwita Kian-hong ukumbini.

"Pepo wa mimba akijeruhiwa hukimbilia tundu la karibu. Wewe ulimchimbia pango, ukalitia na meno. Nimevuta nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Imegandia humo, kwenye udongo wa meno. Uliifunga vizuri, fundi."

"Nikilivunja?"

"Utakuwa umevunja ulichokifunga. Lisiende mbali na mtoto. Lisianguke."

Mtoto alizaliwa mwezi wa tisa, msichana mzima, wakamwita Un-ching. Jitu linakaa ndani ya sanduku la kioo, kichwani pa kitanda chake, na ukiweka sikio utasikia linavuta pumzi pamoja naye. Mara moja tu Bi Khim, akisafisha, alilishusha sanduku hadi ghorofa ya chini. Alipofika ngazi ya mwisho alimsikia Sok-hui akiita kutoka juu kwamba midomo ya mtoto imekuwa ya buluu. Alipanda zile ngazi na miaka yake sabini na mbili kama msichana.

Alasiri moja Sok-hui alikuwa ananyonyesha. Aliuliza bila kumtazama mumewe.

"Ule udongo wa gundi, unakaa miaka mingapi kabla ya kupasuka?"

Ndilo swali ambalo wateja wote humuuliza, na jibu lake alilijua. Kian-hong aliendelea kukunja nepi.