Upepo Kwenye Breki

Asubuhi ile mume wangu alifungua gurudumu la nyuma la gari letu la zamani. Aliondoa mpira wa breki uliopasuka, akafunga mpya. "Mafuta nitatia jioni," alisema, akanawa mikono, akaenda kazini. Jioni hakuwepo. Moyo wake ulisimama akiwa kazini.

Gari likabaki uani miezi mingi. Hatukuwa na moyo wa kuligusa.

Kisha wifi yangu akajifungua mtoto wa kike. Mama mkwe alipopata habari, aliingia jikoni akicheka peke yake.

"Mjukuu wangu atakuja nyumbani kwa gari la mwanangu," alisema.

"Mama, breki hazina mafuta."

"Si utie? Wanaruhusiwa hospitali kesho kutwa."

Kazi hiyo niliijua kidogo, maana marehemu alipokuwa chini ya gari, mimi ndiye niliyemkanyagia pedali. Nilinunua kopo jipya la mafuta ya breki, aina ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti, nikakijaza. Nikaliinua gari mahali tambarare, likakaa juu ya stendi za chuma. Mama mkwe akaketi mbele ya usukani, mkoba mapajani, kama anayesafiri.

Kwenye gurudumu la nyuma kuna nati ndogo ya kutolea upepo. Niliivisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Ncha ya pili niliitumbukiza kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga, mama. Shikilia."

Nikalegeza nati. Mapovu yakatoka. Nikakaza, tukarudia. Tulirudia mpaka mgongo ukaniuma, lakini mapovu hayakuisha.

Jirani yetu alikuwa ameegemea ukuta, anacheka. Mama huyo hufundisha ufundi wa magari chuoni, na mtaa mzima humwita Mwalimu.

"Mwalimu, badala ya kunisaidia unanicheka?"

"Sikucheki wewe, namcheka mama. Kila mpita njia akimwamkia, anainuka kidogo kumwitikia. Mguu unatoka kwenye pedali."

"Sasa nisiitikie salamu kwa ajili ya breki?" mama mkwe akauliza. "Watu watasema nimekuwa na kiburi."

"Itikia, mama, ila mguu ubaki. Nati ikiwa wazi nawe ukainua mguu, breki inavuta upepo ndani upya. Kanyaga, shikilia. Yeye alegeze nati, kisha aikaze. Ndipo uachie."

"Na huo upepo kidogo unadhuru nini?"

"Mafuta hayabonyei, mama. Upepo unabonyea kama godoro. Unakanyaga kwa nguvu zako zote, nguvu inaishia kwenye godoro, gurudumu halina habari."

Mwalimu akaruka ukuta, akasimama kando ya kikopo cha mafuta, akawa anakijaza kisije kikakauka. Tukaanza tena. Mtu akipita, tulisikia, "Marahaba, mwanangu, lakini niko kazini."

Tulizunguka magurudumu yote. Mapovu yakaisha. Nikakanyaga pedali mwenyewe: ilikuwa bado laini, inazama.

Mama mkwe akanitazama. "Tukienda polepole?"

"Hapana, mama. Barabara ya hospitali ina mteremko. Simpakii mtoto kwenye gari lisilosimama."

Alifunga mkoba wake.

"Amesema kweli," Mwalimu akasema. "Lakini msikate tamaa. Gari hili lina ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla. Kikopo kilikauka, upepo ukaingia kwenye sanduku la ABS. Kwa gari kama hili, kukanyaga pedali peke yake hakuutoi. Kesho nitakuja na mashine ya kuiwasha pampu yake."

Kesho yake alichomeka waya wa mashine chini ya usukani, akabonyeza. Pampu ya ABS ikanguruma.

"Linakoroma kama mwanangu," mama mkwe akasema.

Mwalimu akaniangalia. Kisha nikaanza kucheka, kwa sababu ilikuwa kweli kabisa, naye akacheka mpaka akajifuta machozi.

Tukatoa upepo upya. Mapovu mengine yakatoka, kisha mafuta matupu. Pedali ikasimama juu, ngumu. Tukakagua kila nati isivuje, tukaosha kwa maji matone yaliyoangukia bodi, maana mafuta ya breki hula rangi. Taa ya ABS ilizimika kama inavyotakiwa. Nikajaribu breki polepole kwenye uwanja mtupu. Gari likatii.

Siku ya tatu, kwenye mteremko wa hospitali, nilikanyaga, gari likasimama taratibu. Kwenye kiti cha nyuma, mtoto hakuamka.

"Umeona dereva wako?" mama mkwe akamnong'oneza.

Siku hizi gari naliendesha mimi.