Siri ya Fundi Cherehani

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kibandani kwa baba yake, fundi cherehani, kumsaidia kushona vifungo. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya domo lake: kumpa siri ilikuwa sawa na kuitangaza redioni. Baba naye alipiga soga huku amebana pini midomoni, wateja wakashangaa anawezaje kutozimeza.

Siku moja baba alitema mate yenye damu.

"Pini tu imenichoma," alisema. "Usimwambie mama yako, atanisumbua bure."

Chiriku, maskini, akaamua safari hii awe mtoto wa kuaminika. Akanyamaza. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, hadi wa nne. Baba akawa hamezi ila uji, sauti imemkauka, shingoni pametokeza uvimbe. Hapo mama hakungoja kuambiwa, alimkokota hospitali, Chiriku akifuata nyuma.

Daktari hakuzungusha maneno. Ilikuwa saratani, imeanzia kwenye shina la ulimi na imeshafika shingoni.

"Si pini?" baba aliuliza kwa shida.

"Pini haileti saratani, fundi. Vipimo vinaonyesha imetokana na virusi vya HPV. Watu wengi huvipata kwa kujamiiana, bila kujua, na mwili huviondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki kimya miaka mingi, kisha huleta saratani, hata ya mdomo au koo. Hakuna aibu hapo. Ila kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki tatu ni cha kuonwa na daktari. Tutatibu, lakini siwezi kuwaahidi kupona."

"Nilijua, mama!" Chiriku aliangua kilio. "Niliona damu, nikanyamaza!"

Mama alimkumbatia. Ilikuwa kama nyumba imewaangukia.

Mwezi uliofuata, wauguzi walikuja shuleni na chanjo ya virusi hivyo. Mama alitia sahihi fomu bila kuulizwa mara mbili. Jioni Chiriku alikwenda wodini. Baba alikuwa mifupa mitupu, shingo imebabuka kwa mionzi.

"Nimechanjwa, baba."

"Vizuri sana." Alimvuta karibu, maana sauti yake haikuvuka kitanda. "Lile kosa si lako, mwanangu, ni langu. Mtu mzima akikuambia ufiche ugonjwa, usimtii, hata akiwa baba yako. Kimbia ukaseme."

"Utapona?"

Baba alimshika mkono.

"Sijui," alisema. "Safari hii sikufichi."