Bunduki ya Babu Chini ya Kitanda

Verna Stidham alikuwa akikoroga maharage. Jikoni mwake, milimani Kentucky, Marekani, mlinukia mkate wa mahindi. Kesho yake msimu wa kuwinda kulungu ungefunguliwa. Kizibao cha mwanawe Clell, cha rangi ya machungwa, kilitundikwa kando ya mlango. Kila mwindaji huvaa kizibao hicho, ili wenzake porini wasimdhanie mnyama.

Lakini mwaka huu nyumba haikuwa na furaha. Mwezi uliopita Clell alitishia kumuua mkewe, Roxie, akafyatua risasi jikoni kwao. Risasi ilitoboa friji. Mtoto wao alikuwa amesimama pembeni. Hakimu aliwasikiliza wote wawili, kisha akaamuru Clell asimkaribie mkewe na asikae na silaha yoyote. Clell akahamia kwa mama yake.

Bastola zake alizisalimisha. Bunduki ya babu yake ilibaki chini ya kitanda cha Verna.

Jirani yao, wakili Garnet, alikuja kurudisha sufuria. Verna akamweleza habari ya bunduki ile bila kuficha.

“Ile si silaha, Garnet. Ni ya marehemu baba. Clell aliipigia kulungu wake wa kwanza.”

“Bi Verna, inatoa risasi au haitoi?”

“Inatoa. Lakini Clell anasema Mahakama ya Juu ilishakata maneno. Bunduki ni haki ya kila raia.”

“Ilisema Katiba inampa mtu haki ya kuwa na bunduki nyumbani ajilinde, hata kama si askari. Ikasema pia kwamba haki hiyo ina mipaka. Miaka ilipopita ikaongeza kuwa mtu aliyeonekana mahakamani ni hatari kwa maisha ya mwenzake anaweza kunyimwa silaha kwa muda. Clell ameshika nusu inayompendeza. Akikutwa nayo, ni jela.”

“Akiikosa kesho, atanichukia.”

“Atakuchukia, ndiyo. Na Roxie je?”

Verna alizima jiko. Alilia sana, na nani angemlaumu? Ni mwanawe wa kumzaa. Kisha akasema, “Mpigie askari. Aje aichukue kabla Clell hajatoka kazini.”

Asubuhi Clell aliinama, akapapasa chini ya kitanda. Alikuwa ameshavaa koti na buti, na funguo za gari zilikuwa mkononi.

“Mama, iko wapi?”

“Kwa askari.”

“Umeniuza! Mama yangu mzazi! Nilikuwa naenda kuwinda tu!”

Akatoka, akaubamiza mlango mpaka kizibao kikayumba msumarini.

Verna alikitazama. Hakuna mtu wa milima ile anayekwenda kuwinda bila kukivaa. Clell alikuwa tayari kutoka, na hakukigusa; hakuwa akienda porini. Akamjulisha askari, kisha akampigia Roxie.

“Fungeni milango, mwanangu. Askari anakuja.”

“Clell ana bunduki, mama?”

“Hana,” alisema Verna. “Hana tena.”