Video Iliyomfungia Maricar Ndani

Kila asubuhi Perla alipika bibingka za kuuza mbele ya nyumba yake. Makaa chini, makaa juu, na katikati vikate vya mchele na tui la nazi. Mumewe, Nestor, aliendesha pikipiki yenye kigari cha abiria. Mtoto wao alikuwa mmoja, Jovelyn, wa darasa la sita. Jovelyn alikuwa mcheshi. Akimwiga padri au muuza samaki, mtaa mzima ulivunjika mbavu.

Jioni moja, wakila wali, Jovelyn aliwaonyesha video kwenye simu. Mwanafunzi mwenzake, Maricar, alikuwa akisoma mbele ya darasa. Maricar ana kigugumizi. Alikwama kwenye neno moja, macho yakamtoka. Kisha ikasikika sauti ya Jovelyn: "Re-re-redio mbovu hiyo. Ipigeni kofi itasema."

Nestor alicheka hadi akapaliwa. Perla naye alicheka.

"Umemtumia nani?" aliuliza Perla.

"Kundi la darasa tu, Mama. Wote wamecheka."

Siku chache baadaye, Liwayway, mama yake Maricar, alipita bila kununua kitu.

"Leo huchukui, dada?" Perla alimwita.

Liwayway alisimama. "Nimchukulie nani? Maricar hali. Hataki shule, hatoki chumbani. Hata mimi hasemi nami. Akitaka maji, ananionyesha kikombe."

"Anaumwa?"

"Ile video, dada Perla. Sauti iliyomo naijua. Ni ya mwanao."

Hakupaza sauti. Alikwenda zake. Bibingka ziliungua, na Perla hakuziona.

Nestor alipopata habari, alivua kandambili. "Jovelyn, njoo hapa."

"Vaa kandambili yako," Perla alimwambia. "Sisi tulicheka naye. Utampiga kwa lipi?"

Wakaenda wote watatu kwa Mwalimu Consuelo, mshauri wa wanafunzi.

"Ulikuwa utani tu, Mwalimu," alisema Jovelyn.

"Utani ni pale wote wawili wanapocheka," Mwalimu alijibu. "Mmoja akiumia na mwingine akaendelea, huo ni uonevu. Maricar alicheka?"

Jovelyn alitazama chini. "Hapana."

"Lakini Mwalimu," alisema Nestor, "zamani sote tulitaniwa. Mimi niliitwa Kichwa Boga. Sikufa."

"Na jina bado unalikumbuka."

Nestor alijipapasa kichwa.

"Zamani ulitaniwa shuleni, ukifika nyumbani ukapumua," Mwalimu aliendelea. "Siku hizi simu inamfuata mtoto mpaka kitandani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha."

"Tumwadhibu vipi?" aliuliza Perla.

"Msimpige. Ukimpiga, atajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Yeye ndiye aliyeharibu, basi yeye ndiye atakayetengeneza. Afute video, awaombe wenzake wote wafute. Kisha aombe radhi, na asidai kusamehewa. Nami nitazungumza na darasa. Aliyecheka na aliyeisambaza, wote waliongeza chumvi kwenye kidonda."

Jioni hiyo Jovelyn alisimama mlangoni pa chumba cha Maricar, Perla nyuma yake.

"Nilikukosea," alisema. "Video nimeifuta. Wenzetu nimewaomba wafute. Wawili wamekataa, nimempa Mwalimu majina yao."

Maricar alimtazama. "Ni-nilidhani we-wewe rafiki yangu."

Jovelyn alilia njia nzima kurudi nyumbani. Perla alimshika mkono, lakini hakumwambia anyamaze.

Wiki iliyofuata shule iliita wazazi. Mwalimu Consuelo alieleza dalili za mtoto anayeonewa: hali chakula vizuri, anaogopa shule, anaficha simu. Alisema mtoto wa namna hiyo asikilizwe kwanza, asiambiwe ajikaze. Kuhusu kigugumizi alisema, "Usimmalizie neno. Mtazame usoni, umsubiri."

Perla aliinuka. "Video ile niliiona mezani kwangu, nikacheka. Laiti ningemuuliza mwanangu siku ile kama mwenzake naye alicheka, mtoto wa mwenzangu asingeteseka. Wazazi wenzangu, ulizeni."

Liwayway alikuwa mstari wa mbele. Aligeuka, akamwitikia kwa kichwa.

Maricar alirudi shule. Wasichana wawili wa jirani walimpitia kila asubuhi. Hakukaa tena karibu na Jovelyn, na Jovelyn hakumlazimisha.

Kisha siku moja Maricar aliinua mkono mwenyewe, akaomba kusoma. Alikwama mstari wa kwanza. Mvulana mmoja akaanza kucheka chinichini.

"Subiri amalize," alisema Jovelyn, bila kugeuka.

Darasa lilisubiri. Maricar alivuta pumzi, akalitoa lile neno, kisha lililofuata. Alisoma ukurasa mzima. Alipomaliza, akafungua wa pili.