Matundu Mawili Chini ya Kapeti

Likizo ile ya mwezi wa sita, Aneth aliamka na harufu ya gundi na akalala na harufu ya gundi. Mama yake, Eveline, alikuwa fundi wa viti na kapeti za magari pale Ifakara, na banda lake lilikuwa jirani na mashine za kukoboa mpunga. Kila asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kufuta vumbi la pumba. Vumbi hilo ni kaidi, ukilitoa mlangoni linarudi dirishani, na kapeti haishiki juu yake hata umwage kopo zima la gundi.

Wiki hiyo walikuwa na Hiace ya Bi Asmahani, mfanyabiashara wa mpunga. Kila msimu wa mavuno Bi Asmahani alikwenda Mchombe kununua mpunga, na alikuwa amechoka kulala juu ya magunia. Akaamua gari lake liwe chumba: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, na kapeti kuanzia dari mpaka sakafu. Safari hii angekwenda na binti yake Jihan, rafiki wa Aneth, aliyesoma naye darasa la sita.

Kapeti ya sakafu alipewa Aneth. Aliipima kwa kipande cha boksi, akaikata, akapaka gundi kwenye bati la sakafu na mgongoni mwa kapeti, kisha akasubiri mpaka gundi isinate kidoleni.

"Usisahau matundu mawili ya pale chini ya jiko," mama alisema kutoka juu, akihangaika na dari. "Kata duara, kapeti isiyafunike."

Aneth aliyatazama matundu yale akashangaa. Mwaka uliopita Jihan alilazwa siku tano kwa malaria, na shuleni waliambiwa kila mara wazibe penye mwanya. Nani mwenye akili timamu anatoboa sakafu ya chumba cha kulala, kisha anakipeleka kwenye majaruba ya mpunga yenye mbu kibao? Bila shaka Fundi Beno, mchomeleaji wa jirani, alikosea. Aneth akapitisha kapeti juu ya matundu, akaisugua vizuri kwa kipande cha ubao, na moyoni akajipongeza kwa kumlinda rafiki yake.

Jioni mama aliuliza, "Matundu umekata?"

"Ndiyo, mama."

Alijua akisema hapana atagombezwa. Mama, mikono imejaa gundi, hakuinama kukagua. Kesho yake saa nne asubuhi gari liliondoka, Jihan akipunga mkono dirishani na kucheka.

Saa nane mchana mama alikuwa anakusanya mabaki. "Aneth, viduara viwili vya sakafuni viko wapi? Nataka kuviweka chini ya birika."

Kabla Aneth hajajibu, Fundi Beno aliingia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mama Aneth, wamefurahia chumba chao? Yale matundu yangu ndiyo roho ya gari. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatuama sakafuni, sasa isipopata pa kutokea, cheche moja tu inatosha. Na chini nimechomelea wavu, mbu hapiti."

Ufagio ulimponyoka Aneth. Wavu! Hakuwahi hata kuchungulia chini ya gari.

Angeweza kuendelea kuficha. Lakini akaona tena akilini mkono wa Jihan dirishani.

"Mama, sikukata. Nilidanganya. Matundu yamefunikwa."

Mama aliyatupa mabaki chini. Akachukua simu akampigia Bi Asmahani. Namba haikupatikana. Akapiga tena, na tena.

"Shamba wanalofikia unalijua?" Beno alimuuliza Aneth.

"Nalijua. Mwaka jana tulikwenda na Jihan, tukarudi siku hiyo hiyo."

"Vaa kofia ngumu. Twende na pikipiki yangu."

Njia ya kwenda Mchombe ilikuwa vumbi tupu na malori ya mpunga. Kila walipolipita lori, Aneth alihesabu vijiji vilivyobaki. Walipovuka Mbingu, tairi la nyuma likapata pancha. Beno alipiga magoti kuziba huku jasho likimtiririka, na Aneth akasimama kando ya barabara akilia bila kujificha. Nusu saa ilipotea. Aliomba Mungu mtungi uwe mzima, Bi Asmahani asipike, Jihan awe nje anacheza. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kuomba, na hakuwahi kujiona duni namna ile.

Jua lilikuwa limeinama walipoiona Hiace kando ya lundo la magunia. Milango yote ilikuwa imefungwa. Bi Asmahani alikuwa anaiendea na sufuria ya chai mkono mmoja, kiberiti mkono wa pili.

"Mama Jihan, usiwashe!" Aneth alipiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Usiwashe kiberiti!"

"Kuna nini? Mmefuata nini huku?"

"Jihan yuko wapi?"

"Amelala ndani, kichwa kinamuuma. Nimefunga, mbu wasiingie."

Beno alizima pikipiki mbali akakimbia kufungua milango. Harufu nzito ikawapiga usoni.

"Nilidhani ni gundi yenu," Bi Asmahani alisema, na sauti ikamkatika.

Walimtoa Jihan wakamlaza kwenye turubai. "Jihan! Jihan mwanangu!" Hakujibu. Aneth alimshika mkono, ulikuwa mlegevu kabisa. Dunia ilimwishia pale. Kisha Jihan akakohoa, akatapika, akafungua macho na kuuliza kwa nini kila mtu analia.

Bi Asmahani na kijana mmoja wa bodaboda walimkimbiza zahanati. Beno alifunga mtungi. Mpira wake ulikuwa umelegezwa na mashimo ya barabara. Gari lilipokwisha pigwa na upepo vya kutosha, Aneth alilala kifudifudi chini ya jiko, akapapasa, akakata. Viduara viwili vikabaki mkononi mwake.

Kesho yake, Jihan akiwa mzima, Aneth alivikabidhi kwa mama bandani. Mama hakuviweka chini ya birika. Alivitundika msumarini, juu ya meza ya kukatia.

"Mimi nilikosea, sikukagua," alisema. "Wewe hukujua matundu ni ya nini, na kutojua si dhambi. Ungeniuliza, ningekujibu. Ungesema hujakata, tungekata kwa dakika mbili. Lakini ulisema ndiyo, mwanangu, na baada ya hapo hakuna mtu aliyeangalia tena. Fundi akisema amefanya kazi, watu wanalala usingizi juu ya neno lake."

Aneth aliitika kwa kichwa.

Wiki iliyofuata waliletewa gari jingine. Jioni mama aliuliza kutoka juu ya ngazi, "Matundu ya nyaya umekata yote?"

Aneth alitupia jicho msumarini.

"Bado moja, mama. Sijaelewa ni la nini."

Mama akashuka kwenye ngazi, akaja kumwonyesha.