Tipoyi ya Mzee Sadiki

Mashati ya Mzee Sadiki yalichakaa bega moja tu, la kulia. Alikuwa fundi cherehani hapo Kamembe, miaka michache baada ya uhuru, na hata ndoo ya maji habebi. Lakini bintiye Mwavita, aliyemfulia, alikuta kitambaa kimelika, kinanuka moshi wa mtemba wa tumbaku na jasho la mtu mwingine.

"Papa, unabebaka nini?"

"Hakuna. Fua tu."

Bega likazidi kushuka, na mwili ukazidi kukonda. Cherehani ikinyamaza, miti isiyoonekana ililia kwi, kwi, nyuma ya shingo yake.

Mwavita ndiye aliyekuta cheti cha babu cha wakati wa Wabelgiji. Kazi: mbeba tipoyi, kile kiti ambacho wakubwa walipandishwa nacho milimani juu ya mabega ya watu. Nyumbani siku zote walijisifu kwamba babu alikuwa karani. Kwa sifa hiyo shangazi zake waliolewa vizuri.

"Ficha," baba akanong'ona. "Batu batatucheka."

Akaitwa Mwalimu Idi wa msikitini aje kumsomea dua. Akafukiza ubani, akauliza taratibu, "Mzee, baba yako alikuwa anafanya kazi gani? Usinifiche, hii kitu imetokea kwake."

"Karani."

Mwavita akafungua mdomo, akaona macho ya baba, akaufunga. Heshima gani hiyo, ya kumwacha mzazi afe?

"Karani?" Sauti nene isiyo yake, ya mkubwa aliyezoea kubebwa, ilitoka kinywani mwa Mzee. "Karani iko na bega namna hii? Baba yake alinibeba mupaka kufa, hakunishusha. Huyu akanipokea pale alipotia bega kwenye jeneza la baba yake. Tembea!"

Na Mzee akainuka, akainama, akazunguka ua kwa hatua fupi za mbio, huku akiimba wimbo wa wabebaji ambao hakufundishwa na mtu, na Mwalimu akimfuata na aya zake, na majirani wakichungulia juu ya ua, mpaka akaanguka mlangoni. Hakuamka tena.

Kwetu watu hugombea kupokezana jeneza, kila mmoja anataka thawabu. Siku hiyo walitazama viatu vyao.

"Beba wewe."

"Hapana, tangulia."

Mwalimu na kaka zake Mwavita wawili walishika pembe tatu za jeneza. Ya kulia mbele ilibaki. Wanawake hawafuati jeneza, lakini Mwavita alikaza kitenge, akaingiza bega.

Baba yake alikuwa amekonda, ngozi na mifupa. Wale watatu waliinuka kwa urahisi. Yeye bega lilimshuka kwa uzito, na karibu na sikio lake mtu akacheka kwa kuridhika.

"Huyu angali kijana."