Sekunde Kumi na Moja

"Hiyo simu nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona. Mimi nimeishika."

Ndivyo walivyokutana, Zornitsa na Lyuben, Jumamosi asubuhi katika Soko la Wanawake, Sofia, watu wakipigana vikumbo kati ya meza za pilipili na jibini. Simu yenyewe ilikuwa kuukuu, kioo kimepasuka, nzito kuwaka. Mtu wa kawaida asingeitaka hata bure. Lakini wote wawili walikuwa waandishi wa programu za simu, na mwandishi mwenye akili hutafuta simu mbovu kuliko zote, maana programu ikienda humo itakwenda popote.

Zornitsa alivaa koti la rangi ya haradali na buti nyekundu. Lyuben alimtazama, akasahau simu.

"Tuinunue pamoja," akasema. "Wiki kwako, wiki kwangu."

"Na ukitoroka nayo?"

"Nipe namba yako, uwe unanipigia kunikagua."

"Una maneno wewe!" Akampa namba.

Miezi mitano baadaye walikuwa wapenzi, tena ofisi moja, meza zinatazamana, wakitengeneza programu ya kuwakumbusha wazee kumeza dawa. Ofisi ilikuwa na sheria iliyobandikwa ukutani: hakuna mstari wa programu unaotoka kwenda kwa watu kabla mtu wa pili hajausoma. Mmoja aandike, mwingine asome, ndipo abonyeze "Nimesoma, sawa."

Ijumaa ya mwisho ya Machi, Zornitsa, au Zori kama Lyuben alivyomwita, alimaliza mistari mia tatu ya kengele mpya, akamtumia Lyuben, akaenda kupaka rangi ya mdomo. Lyuben alikuwa na pete mfukoni na meza imeshawekwa mgahawani. Akabonyeza, akavaa koti.

"Umemaliza kusoma?" Zori aliuliza aliporudi.

"Safi kabisa, mpenzi. Twende, njaa inaniua."

Usiku ule alimvisha pete mbele ya sahani za nyama choma, na Zori akakubali huku analia na kucheka.

Jumapili saa za nchi nzima zikasogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka majira yanapobadilika. Kengele ya Zori ilikuwa ikihesabu saa ishirini na nne tangu jana yake, haitazami saa ya ukutani. Kwa hiyo iliyozoea kulia saa mbili asubuhi ikalia saa tatu. Bi Radka, mwenye nyumba anayokaa Zori na mmoja wa wazee walioitumia programu hiyo, alikuwa ameshameza kidonge cha presha saa mbili kwa mazoea. Kengele ilipolia akameza kingine. Saa tano alikuwa sakafuni bafuni, mkono umevunjika.

"Simu yenu iliniambia nimeze, nikameza," alimwambia Zori hospitalini. "Mimi ni nani nibishane na simu?"

Jumatatu Zori aliingia ofisini hajachana nywele.

"Kosa nimeliandika mimi," alisema mbele ya wote. "Nalibeba. Lakini wewe, Lyuben, njoo uone muda uliorekodiwa hapa. Nimekutumia, ukapitisha. Sekunde kumi na moja! Mistari mia tatu!"

"Nilikuamini, Zori."

"Nani alikuomba uniamini? Nilikuomba unisome!"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Bi Radka mkono umefungwa hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko, wewe unaogopa sauti?"

"Nilikuwa na haraka kwa ajili yako. Nilikuwa na pete."

"Hii hapa pete yako." Akaivua, akaiweka juu ya kompyuta ya Lyuben. "Ulinitazama usoni ukaniambia safi kabisa. Jioni ile ile ukaniomba maisha yangu. Hata hilo 'nakupenda' sijui kama ulilisoma kabla ya kubonyeza."

Mimi simtetei Lyuben. Mwanamume anayesifu kila kitu cha mpenziwe bila kukitazama ni mvivu tu, hata akisifu kwa sauti tamu namna gani. Na bado alithubutu kukasirika! Jioni akapiga simu.

"Unanionea. Kosa uliandika wewe."

"Na nimelisema mbele ya ofisi nzima. Wewe umesema nini?" Zori akakata.

Lyuben hakulala vizuri. Kesho yake alisimama ofisini, masikio yamemwiva, akasema wazi: sikusoma, nilidanganya. Hakuna aliyempa pole. Zori hata kichwa hakuinua.

Alhamisi Zori alimaliza kutengeneza kengele upya. Angeweza kumpa mtu yeyote aisome. Akamtumia Lyuben, bila neno.

Lyuben alikaa nayo siku mbili. Aliipakia kwenye ile simu mbovu, akasogeza saa mbele na nyuma, akakata mtandao, akaacha betri imalizike. Kisha akamtumia Zori maoni thelathini na moja, hakuna hata moja la kubembeleza; moja lilisema tu, "Huu ni uvivu." Simu yake ikalia papo hapo, Zori anapiga.

"Eti uvivu? Nani mvivu?"

"Wewe. Mstari wa themanini na mbili. Umeandika jambo moja mara tatu."

"Umeelewa vibaya wewe!"

"Jaribu uone."

Vidole vya Zori vikasikika vikigonga kibodi.

"Haya, themanini na mbili una haki. Mia na tatu sikubali ng'o!"

Waligombana saa nzima. Mwishowe Lyuben akavuta pumzi.

"Na mia mbili kumi na nne? Pale kengele ikizimwa mara moja hailii tena. Wewe huandiki hivyo hata ukiwa na homa. Ulinitega."

"Nilikutega."

"Nimekasirika, ujue."

"Kasirika. Mimi bado sijamaliza zangu. Ungeupita ule mstari, ningehama kazi na nisingekupokelea simu tena."

"Sikuupita."

"Hukuupita." Sauti yake ikalegea. "Pete iko wapi?"

"Mfukoni. Tangu Jumatatu ile."

"Ilete. Uniombe upya."

Lyuben alifika anahema, pete mkononi, akapiga goti pale pale ngazini, mbele ya mlango wa Bi Radka. Zori alimpa mkono wake, lakini hakujibu. Alimtazama machoni, akamtazama mdomo, akarudi machoni. Dakika ikapita, na nyingine.

Mlango ukafunguliwa, hogo likatangulia.

"Mjibu basi, mwanangu! Kijana magoti yanamuuma."

"Ngoja, Bi Radka," Zori akasema. "Bado nasoma."